Mkanda wa Harusi Unapokataa Kwenye Deki: Namna ya Kuuokoa

Katika nyumba nyingi za Mtwara, kuanzia Mikindani na Shangani hadi Msimbati na vijiji vya njia ya Kilambo, bado lipo rundo la CD kabatini au chini ya televisheni. Nyingi ni filamu za dukani. Chache zina maandishi ya kalamu: harusi ya dada, watoto wakitoka jandoni, maulidi ya mtaani, hitima ya babu. Filamu ya dukani ikiharibika, ipo nyingine. Hizi chache zikipotea hakuna pa kuzinunua, na baadhi ya watu waliomo wameshatangulia mbele ya haki.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya hizo chache, pale deki ya miaka mingi inapoandika NO DISC, inapoganda katikati au inapozitema kabisa. Kabla ya lolote, shika kanuni moja: okoa picha kwanza, deki baadaye. Diski ya kuchoma huchakaa hata ikiwa imekaa tu, na kila ukiisugua au kuilazimisha unaikaribisha kwenye siku yake ya mwisho. Picha ikishatolewa na kuwekwa mahali pengine salama, hangaika na deki utakavyo.

Kwa nini filamu ya dukani inacheza na ya nyumbani inakataa

Watu wengi huona deki inacheza filamu ya Kibongo vizuri, kisha inakataa CD ya harusi, wakaamua kuwa CD ya harusi ni mbovu. Si lazima iwe hivyo. Diski ya kiwandani hugandamizwa kwa umbo la chuma, na alama zake ni vishimo halisi vilivyofunikwa kwa alumini. Diski ya kuchoma haina vishimo. Ina tabaka jembamba la rangi maalumu, na mwanga wa leza wa mashine ya kuchomea huibadilisha rangi hiyo ili ifanane na vishimo. Deki mpya hudanganyika kirahisi. Deki ambayo lenzi yake imechoka huona tofauti na kugoma.

Diski zinazofutika na kuandikwa upya, zile zenye herufi RW, ni ngumu zaidi kusomwa. DVD ya kiwandani yenye tabaka moja hurudisha asilimia 45 au zaidi ya mwanga unaoipiga, lakini DVD-RW hurudisha asilimia 18 hadi 30 tu. Deki nyingi za zamani hazikutengenezwa kusoma mwanga hafifu kiasi hicho.

Kuna pia tofauti ya CD na DVD, ingawa sisi zote huziita CD. CD husomwa kwa leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 780, na DVD kwa nanomita 650. Deki iliyotengenezwa kwa ajili ya VCD pekee haitasoma DVD hata uisafishe mara ngapi. Kwa hiyo soma maandishi madogo yaliyo karibu na tundu la katikati: CD-R, DVD-R, DVD+R au RW. Yaandike kwenye karatasi, kwa sababu kila hatua inayofuata inayategemea.

Jaribio la diski tatu

Tafuta diski tatu: filamu ya kiwandani, diski ya kuchoma ambayo una hakika inacheza kwa jirani, na hiyo inayokusumbua. Ziingize moja baada ya nyingine.

1. Zote tatu zikikataa, mgonjwa ni deki. Diski yako irudishe kwenye jalada lake, usiiguse tena hadi upate mashine nyingine.
2. Ya kiwandani ikicheza na mbili za kuchoma zikikataa, ama lenzi imechoka, ama deki haiwezi diski za aina hiyo.
3. Mbili za kwanza zikicheza na yako ikakataa, tatizo liko kwenye diski yako: ni chafu, imekwaruzika, haikufungwa ilipochomwa (maana yake tutaieleza chini), au imechomwa kwa mfumo ambao deki haiufahamu.

Soma dalili

*Deki inaandika NO DISC.* Diski inaweza kuwa na uchafu karibu na katikati, au haikufungwa baada ya kurekodi. CD na DVD husomwa kutoka ndani kwenda nje, na orodha ya yaliyomo iko ndani. Alama ndogo hapo huizuia diski nzima isisomeke, wakati mkwaruzo mkubwa pembeni huharibu dakika za mwisho tu.

*Deki inaonyesha majina ya mafaili lakini haitoi picha.* Mchomaji alichukua mafaili ya kamera au simu akayamwaga kwenye diski jinsi yalivyo. Picha ni nzima. Inahitaji kubadilishwa mfumo na kuchomwa upya.

*Picha inapanda na kushuka, au haina rangi.* Hii ni tofauti ya mifumo ya televisheni, PAL na NTSC. Televisheni za zamani za huku ni za PAL, na kamera iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani au Japani hurekodi kwa NTSC. Kabla ya kutumia fedha, ingia kwenye menyu ya deki kwa rimoti, tafuta TV TYPE, jaribu AUTO au MULTI.

*Picha ipo, sauti haipo.* Sauti imewekwa kwa mfumo usiofahamika na deki. Hili nalo hutibiwa kwa kuchoma nakala mpya.

*Inaganda mahali palepale kila mara.* Hapo pana mkwaruzo au doa. Ikiganda mahali tofauti kila unapoicheza, shuku lenzi au joto la deki.

*Inaganda mwishoni, wakati wa zawadi.* Diski imejazwa hadi ukingoni. Ukingo ndiyo sehemu inayochomwa kwa shida zaidi, ndiyo inayoshikwa na vidole, na ndiyo inayosumbua lenzi iliyochoka.

Safisha bila kuumiza

Usitumie kanga iliyovaliwa, kanzu wala mkono wa shati. Vumbi letu lina mchanga na chumvi, na ukilisugua unachora mikwaruzo mipya. Kwanza mwagia upande unaong'aa maji safi ili mchanga uondoke wenyewe. Kama kuna mafuta ya vidole, weka tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Kisha futa kwa kitambaa laini cha pamba, kutoka tunduni kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe. Mkwaruzo unaokatisha njia ya data huharibu sehemu ndogo ambayo deki inaweza kuirekebisha, lakini mkwaruzo unaofuata mzunguko hufuta data nyingi mfululizo. Suuza, kisha acha ikauke kivulini. Petroli, thina na asetoni hula plastiki, kwa hiyo visikaribie kabisa.

Wapo wanaopaka dawa ya meno. Dawa ya meno ni kama msasa mwepesi: inaweza kulainisha mkwaruzo usio na kina, na inaweza kuongeza mingine. Iache iwe jaribio la mwisho kabisa, baada ya kompyuta kushindwa, na ipakwe pale penye mkwaruzo tu.

Kisha geuza diski. Kwa CD, upande wa maandishi ndio dhaifu, kwa sababu data iko chini kidogo tu ya rangi ile. Inyanyue kuelekea taa. Ukiona vitundu vya mwanga, tabaka limebanduka na data ya hapo imekwenda. Hamisha iliyobaki haraka. DVD ina vipande viwili vya plastiki vya nusu milimita na kidogo vilivyogundishwa, na data iko katikati, kwa hiyo haisumbuliwi sana upande wa juu. Tazama ukingo wake tu usiwe umeanza kuachana. Kama kuna stika ya karatasi yenye picha ya maharusi, usiibandue, kwa kuwa itang'oka na tabaka.

Okoa picha kwenye kompyuta

Vifaa vya kusomea CD vya kompyuta huwa na uvumilivu zaidi kuliko deki. Kompyuta mpakato nyingi za sasa hazina sehemu ya CD, lakini kipo kifaa cha nje cha USB, na nyumba za picha na wachomaji wengi wanacho. Ukipata kompyuta, fuata hatua hizi.

1. Ingiza diski usubiri dakika moja au mbili. Windows ikikuuliza kama uifomati diski, kataa. Swali hilo hutokea diski isiyofungwa inapoonekana kama tupu, na ukikubali unaweza kufuta ulichokuja kuokoa.
2. Fungua uone kilichomo. Folda ya VIDEO_TS yenye mafaili ya VOB ni DVD. Folda ya MPEGAV yenye mafaili ya DAT ni VCD. Ukiona MP4, AVI au 3GP, hayo ni mafaili ya kawaida.
3. Nakili folda zote hadi kwenye kompyuta. Usicheze video moja kwa moja kutoka kwenye diski iliyochoka, kwa maana unaitumia bure. Programu ya bure ya ImgBurn inaweza kutengeneza picha kamili ya DVD nzima katika faili moja la ISO.
4. Ikikwama, usikate tamaa. Punguza kasi ya kusoma, au jaribu kifaa kingine cha kusomea. Diski iliyokataa kwenye kifaa kimoja hukubali kwenye kingine mara nyingi. Programu ya IsoBuster hutoa vipande vinavyosomeka na kuruka vilivyoharibika, na ni bora kupata saa moja yenye mapengo kuliko kukosa yote.
5. Fungua nakala kwa VLC. Itazame hadi mwisho, si dakika mbili za mwanzo.
6. Tengeneza nakala ya MP4 kwa HandBrake kwa ajili ya simu na televisheni mpya. Zile VOB, DAT au ISO za asili zibaki, kwa sababu kila kubadilisha mfumo kunapunguza ubora.

Haya yote ni kwa mikanda yako mwenyewe. Kazi za wasanii zina wenyewe, na sheria ya hakimiliki inawalinda.

Diski ambayo haikufungwa

Mashine za kurekodia DVD, na kamera zilizotumia diski ndogo za sentimita 8, zilihitaji hatua ya mwisho baada ya kurekodi: kufunga diski. Kwenye menyu imeandikwa Finalize. Mpiga picha aliyechoka usiku wa harusi aliweza kuisahau, na kamera yake mwenyewe ikaendelea kuicheza diski bila tatizo, kwa hiyo hakujua. Deki nyingine zote zinaiona kama tupu.

Tiba iliyo rahisi ni kuirudisha kwenye mashine iliyorekodi, au ya aina ileile, na kuchagua Finalize. Hakikisha kamera imechomekwa na pia ina betri yenye chaji, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kufunga, diski inaweza kupotea. Kama mashine hiyo haipo tena, nenda moja kwa moja kwenye kompyuta na IsoBuster. Inaweza kusoma diski isiyofungwa na kutoa video bila kuigusa.

Diski ndogo za kamera zina gigabaiti 1.4, yaani takriban nusu saa kwa ubora wa kawaida, kwa hiyo harusi moja inaweza kuwa kwenye diski nne au tano. Zitafute zote kabla ya kuanza. Ziweke kwenye mfereji mdogo wa ndani wa trei, na usiziingize kamwe kwenye redio ya gari inayomeza diski.

Choma nakala ambayo deki ya zamani itaikubali

Picha ikishakuwa salama, sasa mtengenezee bibi diski yake. Yeye ana deki aliyoizoea na rimoti anayoijua, na haki yake ya kutazama harusi ya binti yake ni sawa na ya mwenye simu kubwa.

- Chagua DVD-R ya kawaida, si RW, wala ya tabaka mbili ya gigabaiti 8.5. DVD+R nayo inafaa kama mchomaji anaweza kuitambulisha kama DVD-ROM. ImgBurn ina sehemu ya kufanya hivyo kwa vifaa vinavyokubali.
- Mwombe fundi atengeneze DVD ya video, yenye VIDEO_TS, siyo ya data. DVDStyler ni programu ya bure inayofanya kazi hiyo. Chagua PAL, picha ya 720 kwa 576, sauti ya AC-3.
- Usiijaze. DVD ya gigabaiti 4.7 hubeba saa moja na nusu kwa ubora mzuri wa takriban megabiti 6 hadi 7 kwa sekunde. Ukitaka saa mbili, shuka hadi megabiti 5. Mkanda wa saa tatu ugawe diski mbili, na acha nafasi kidogo ukingoni.
- Choma polepole, kasi ya 4 au 8, kwenye kompyuta yenye betri. Usifungue programu nyingine wakati inachoma.
- Mwishoni, diski ifungwe na ikaguliwe. ImgBurn ina kisanduku cha Verify, na kiwe na alama kila mara.
- Kama deki ni ya VCD pekee, choma VCD kwenye CD-R. Picha itakuwa ya 352 kwa 288, na CD moja itachukua kama dakika 74 hadi 80. Ndiyo maana harusi za zamani zilikuja kwenye CD mbili au tatu.

Usihangaike na suala la kanda (region). Kanda za DVD, ambayo kwa sehemu kubwa ya Afrika ni ya 5, ni kufuli la filamu za makampuni. Diski ya nyumbani haina kufuli hilo.

Deki yenyewe

Pwani chumvi huingia kila mahali, na lenzi ya deki iliyokaa dirishani Msimbati hupata ukungu wake kama miwani ya mvuvi. Chomoa deki kwenye umeme, fungua, chovya pamba ya kijiti kwenye spiriti safi ya duka la dawa, gusa lenzi kwa upole mara moja au mbili, na acha ikauke. Usiwashe deki ikiwa wazi ukaitazama lenzi, kwani mwanga wa leza unaumiza jicho. Kama si mzoefu wa kufungua vifaa, mpe fundi redio.

Fundi akikwambia ataongeza nguvu ya leza kwa kukaza skrubu ndogo, mwulize kwanza kama amesafisha. Kuongeza nguvu husaidia kwa muda, lakini huimaliza leza haraka. Iwe hatua ya mwisho kwa deki ambayo ungeitupa.

Kwa fundi, na siri za nyumba

Mchomaji anafanya unachomwambia, kwa hiyo mwambie kwa ukamilifu: “Fundi, habari za kazi? Naomba unitolee video zilizomo bila kupunguza ubora, uniwekee kwenye flashi, kisha unichomee DVD-R ya video ya PAL, kasi ndogo, na uikague. Diski ya asili naomba nirudi nayo.” Uliza bei ya kazi yote kabla hajaanza.

Jambo moja linahitaji tahadhari ya pekee. Huku kwetu, sherehe za kutoka jandoni na unyagoni ni za watu wote, lakini ya ndani ni ya wenyewe. Vivyo hivyo sherehe za wanawake peke yao kabla ya harusi. Kama diski ina mambo ya ndani, usiiache dukani. Ipeleke kwa mtu anayestahili kuiona, kaa naye hadi amalize, na hakikisha amefuta nakala kwenye kompyuta yake, pamoja na kwenye kapu la taka. Mzee au somo aliyeruhusu kurekodiwa aliwaamini waliokuwepo siku ile. Hakuruhusu asambazwe.

Hifadhi ya pwani

Joto, unyevu na mwanga wa jua ndio maadui wa diski za kuchoma. Mwaka 2001 wanasayansi wa Madrid walieleza kuhusu kuvu iliyokula tabaka la CD iliyotoka Belize, nchi yenye joto na unyevu kama wetu. Kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua inaponyesha na mabati yanapopata jua papo hapo, kabati la ukutani linakuwa na vyote viwili. Weka diski zikiwa zimesimama wima kwenye majalada yao, ndani ya ndoo au kopo lenye mfuniko wa kukaza, sehemu ya ndani ya nyumba isiyopigwa na jua. Andika kwa kalamu laini ya wino wa maji, kwenye duara la ndani lisilo na data. Kalamu ya risasi na kalamu ya kawaida zinachimba.

Usitegemee nakala moja wala nyumba moja. Mwezi Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, na wakazi wa pwani ya Mtwara walitakiwa kujihadhari. Nakala moja ibaki nyumbani, ya pili ikae kwa ndugu aliye mbali, awe Masasi, Dar es Salaam au Muscat, na ya tatu kwenye diski kuu ya nje au hifadhi ya mtandaoni. Unapotuma, usitume kama video ya kawaida ya WhatsApp, maana huipunguza ubora. Itume kama faili, au mpe mtu flashi akiwa anasafiri na basi. Flashi nayo si kabati la kudumu, ifungue mara moja kwa mwaka uhakikishe inasoma.

Anza wiki hii kwa kutoa CD zote zenye maandishi ya mkono, na andika orodha: jina la tukio, aina ya diski, nani waliomo, kama inacheza. Weka alama kwenye zile zisizo na nakala nyingine popote. Hizo ndizo uzipeleke kwanza kwenye kompyuta, hata kama leo bado zinacheza.